Pedeli ya breki inazama kwenye Suzuki niliyoiunda mwenyewe, nibadili masta au niweke diski nyuma?

mtu_wa_konde

Asalaam alaykum wakubwa. Nna gari nimeanza kuiunda toka mwaka jana hapa Konde, Pemba, chasisi ya Suzuki Samurai iliyokuwa imelala chini ya mkarafuu kwa ami yangu, bodi nimekata nimebakisha mbele tu, nyuma mabomba nimechomelea, injini ni 1.6 ya Escudo, nimeinyanyua inchi 2 na tairi ni za inchi 31. Kwa kupita msitu wa Ngezi kipindi cha masika hadi kutokea pwani ya Vumawimbi skwambii, matope haiulizi wala mchanga haiulizi.

Tabu ni breki. Mbele nimeweka kalipa (zile zinazobana diski) na diski za Escudo, braketi za kuzishikia nimekata mwenyewe, nyuma dramu zile zile za Samurai, masta (pampu inayosukuma mafuta ya breki) na busta (inayosaidia nguvu ya mguu) pia za Samurai. Sasa pedeli ukikanyaga mara ya kwanza inakwenda mpaka karibu na sakafu, ukipampu mara tatu inapanda vizuri, ukiachia dakika moja inazama tena. Upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki tumetoa mara tano, makopo manne ya mafuta yote yameishia mchangani. Juzi nashuka kilima na madumu ya maji na mdogo wangu nyuma ikabidi niingize gia ya kwanza huku navuta hendibreki, mdogo wangu karuka kabla gari haijasimama na kaenda moja kwa moja kumwambia mama, sasa gari hairuhusiwi kutoka uani.

Fundi mmoja huku kaniambia ninunue masta ya inchi 1 na nyuma niweke diski. Nianze na kipi? Hela ya vyote sina, msimu wa karafuu bado.

bwana_spana

Wa alaykum salaam. Yakhe usinunue chochote kwanza. Pedeli inayopanda kwa kupampu na kuzama ukiiachia huo ni upepo, au lainingi za nyuma (zinazosugua dramu) zimekaa mbali na dramu, moja katika hayo mawili. Masta ikiwa mbovu tabia yake nyengine, unakanyaga unashikilia na pedeli inashuka taratibu chini ya mguu wako kama mtu anasinzia.

Hilo la masta ya inchi 1 fundi wako hakukosea moja kwa moja, ila kakwambia nusu. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa hiyo pedeli haiendi chini sana, lakini presha inapungua kwa mguu ule ule. Ukitoka masta yenye pistoni ya upana wa inchi 7/8 kwenda ya inchi 1, eneo la pistoni linaongezeka kama asilimia 31, maana yake presha unayobaki nayo ni kama asilimia 77 ya mwanzo. Pedeli itakuwa juu na ngumu kama jiwe, wewe utafurahi umesimama uani halafu kilimani gari haisimami. Watu wengi wanadanganyika na pedeli ngumu.

Fanya hivi. Tafuta koleo la kubana, funga kitambaa kwenye meno, bana hosi tatu za mpira, mbili za mbele na ile moja ya nyuma inayoshuka kwenye ekseli. Kanyaga. Ikiwa pedeli iko juu na ngumu masta yako nzima. Halafu achia moja moja, ile utakayoiachia pedeli ikazama ndiko kwenye ugonjwa. Usibane kwa nguvu za kukata hosi. Na tia picha ya kalipa za mbele.

Mkwajuni_porini

Kuhusu diski nyuma nisikilize mie niliyeungua. Nilikuwa na kigari cha kuunda kama chako, dramu za nyuma kila nikitoka pwani zinabakisha mchanga ndani na mchanga wetu huu wa matumbawe unasaga lainingi kama kinu. Nikasema basi, diski. Nikaenda Dar nikazunguka Gerezani kwenye maduka ya spea siku nzima jua kali, nikapata kalipa, nikarudi na boti nimezikumbatia kama mtoto. Kufunga haikuwa kazi. Kazi ilikuja baada ya kilomita kumi, harufu ya kuungua, nikishika rimu haishikiki. Kumbe kwenye masta ya gari za dramu huwa mna kivalvu cha kubakisha presha kidogo kwenye njia ya nyuma, kama psi 10, kwa dramu haina neno maana springi zinarudisha lainingi, kwa diski pedi hazitoki kwenye diski zinakwaruza muda wote.

Hilo nikalitoa. La pili ndo lilinimaliza, hendibreki. Kalipa nilizonunua hazina mkono wa hendibreki na dramu nshazitupa. Nikawa natembea na gogo la kuzuia tairi kama gari ya ng'ombe. Kwa Pemba na vilima vyenu, wewe hendibreki juzi ndo imekuokoa, halafu unataka kuiondoa?

Baki na dramu. Ukitoka baharini piga maji baridi mengi, kila mwezi fungua usafishe.

binti_mtambwe

Nyote mnasema breki hamjataja tairi. Tairi ya Samurai 205/70R15 ina kama milimita 668 kwenda juu, ya 31 ina 787, hiyo ni mkono mrefu zaidi kwa asilimia 18 unaopingana na breki zile zile. Kwa hiyo diski kubwa mbele ulifanya la maana, ila nyuma usitarajie miujiza.

Mie kinachonitisha ni hiyo braketi "nimekata mwenyewe". Bati la unene gani? Imefungwa kwa bolti au umechomelea? Ukipiga breki uzito wote wa gari unaning'inia pale. Na hosi je, ulizipima gari ikiwa kwenye jeki ekseli inaning'inia na usukani umekatwa mpaka mwisho kulia na kushoto? Umenyanyua inchi 2, hosi ya nyuma hujaibadilisha nakuhakikishia.

mtu_wa_konde

Braketi ni bati la milimita 12, nimetoboa na kufunga bolti, sijachomelea dada, sijichezei hivyo. Hosi ya nyuma umenishika, ni ile ya zamani na ekseli ikining'inia imekaza kama kamba ya ngalawa.

Nimebana kama alivyosema bwana_spana. Zote zikibanwa pedeli inasimama juu. Nyuma nikiachia inashuka kidogo tu. Mbele nikiachia yoyote inazama. Picha hizo hapo, kulia na kushoto.

bwana_spana

Hahaha yakhe! Tazama picha yako ya kulia. Nipo (kile kiskrubu) ya kutolea upepo iko wapi? Iko CHINI, hosi inaingia juu. Na kushoto vile vile. Umefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Upepo unapanda juu ya pistoni unakaa raha zake na wewe unatoa mafuta mazuri kwa chini, hata ungemwaga pipa.

Badilisha upande, nipo ije juu. Anza kutoa upepo gurudumu la mbali na masta, usukani wako uko kulia kwa hiyo anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, malizia kulia. Mafuta nunua kopo dogo la DOT 4 lililofungwa, ule ubaki wa mwaka jana mwaga, mafuta haya yanakunywa unyevu na hewa ya huku unaijua. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishakunywa maji inashuka mpaka 155. Usije kuchanganya na DOT 5, hiyo ni silikoni.

mtu_wa_konde

Wallahi naona haya. Nimebadilisha leo asubuhi, mdogo wangu kakanyaga mie nafungua nipo, ile ya mbele kulia ilitema povu jeupe mpaka nikacheka peke yangu chini ya gari. Sasa pedeli inashika robo ya njia, haizami. Lainingi za nyuma nimeziseti mpaka zinakwaruza kidogo kisha nikarudisha. Hosi ndefu nimeagiza mjini, inakuja na boti ya kesho kutwa, mpaka hapo siendi popote.

Swali dogo: breki kali za ghafla mbele inafunga lakini nyuma kama haipo, hata nikipakia madumu.

Mkwajuni_porini

Juu ya ekseli ya nyuma si pana valvu yenye kimkono? Inapima gari imekaa chini kiasi gani. Ulivyonyanyua inchi 2 yenyewe inaamini siku zote huna mzigo, inabania nyuma. Rekebisha kibati kinachoshika huo mkono mpaka mkono urudi ulivyokuwa kabla hujanyanyua gari, ujaribu kwanza pahala tambarare hamna watu.

binti_mtambwe

Na mdogo wako asipande.