Naomba ushauri: Misri kwa meli ya mtoni au kwa barabara? Nasafiri na mama

Binti_Mwalimu
Habari za jioni wakuu. Wiki ya pili hii silali vizuri, nimeona nije kwenu. Nampeleka mama Misri siku nane: piramidi za Giza, halafu Luxor na Aswan. Wakala amenipa njia mbili. Ya kwanza ni meli ya mtoni inayoondoka Cairo, tunalala majini. Ya pili ni treni ya usiku na gari, tunalala hotelini. Bei hazipishani sana. Mliowahi kufika, ipi inafaa kwa mtu mzima wa miaka 68? Tunaondoka Julai.

Msukuma_Ziwani
Meli, dada. Maji yale yanatoka huku kwetu. Nimekulia Mwanza, babu yangu alikuwa mvuvi, na alikuwa akituambia jani likidondoka ziwani usilikimbize, litafika Misri kabla yako. Mwaka juzi nilikwenda Jinja kuona pale Nile inapoliacha ziwa. Nilikaa juu ya jiwe tangu asubuhi mpaka njaa ikanitoa. Siku nikijaliwa, nitaufuata hadi mwisho.

Mtaratibu
Kwa nini hela hiyo usimmalizie mama nyumba? Mzee anahitaji bati zuri na choo cha ndani. Makaburi ya mafarao yamekaa miaka elfu tatu na zaidi, hayaendi popote.

Azhari_wa_Tanga
Nimesoma Chuo cha Al-Azhar, Cairo, miaka minne, kwa hiyo nisikilize. Tatizo lako si meli wala barabara, ni Julai. Luxor na Aswan mwezi huo joto linapita nyuzi 40. Bonde la Wafalme, yaliko makaburi ya mafarao Luxor, linafunguliwa saa 12 asubuhi. Ikifika saa 4 unasikia moto wa ardhi kupitia soli. Tulikwenda wanafunzi sita, vijana watupu, na mmoja tulimbeba. Sogeza hadi Desemba.

Binti_Mwalimu
Nashukuru, ila Julai ndiyo likizo yangu. Naomba mnisaidie kwenye meli au barabara tu.

Azhari_wa_Tanga
Likizo huhamishwa, dada. Kuna jambo hujatuambia.

Binti_Mwalimu
Sawa. Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Mama alifundisha darasa la sita miaka mingi, na mimi nilikaa darasani kwake. Nile aliichora kwa chaki ya buluu, akianzia chini ya ubao ziwani, akipanda taratibu hadi juu kabisa. Pale alikuwa anageuza chaki ubavu na kuitandaza, hiyo ndiyo delta. Mkono wake wote ulikuwa unabaki na unga wa buluu. Mto wenyewe hajauona hata siku moja. Siwezi kusubiri Desemba nisiyoijua. Na nusu ya hela ya meli nimeshalipa, hairudishwi.

Mtaratibu
Kwa hiyo umeshaamua, umekuja tukubariki tu.

Binti_Mwalimu
Nimeamua kwenda, kaka. Njia ndiyo inayonitisha. Nikikosea, hakuna safari ya pili.

Jicho_la_Tatu
Wakuu, hii chai. Meli za siku chache haziondoki Cairo, zinatembea kati ya Luxor na Aswan. Cairo hadi Luxor ni zaidi ya kilomita 600! Na nani anampeleka mtu asiyeona vizuri kutazama majengo? Huyu ndiye wakala mwenyewe. Subirini, kesho anatoa namba ya simu.

Msukuma_Ziwani
Na mimi nilimwaga moyo wangu hapa. Dada, jibu hilo la Cairo.

Binti_Mwalimu
Nimerudi kusoma karatasi. Cairo ndipo tunapopokelewa na kuona Giza. Kisha ni ndege hadi Aswan, na meli inashuka hadi Luxor kwa usiku tatu. Nilisoma kwa haraka, kosa ni langu. Namba sina ya kutoa. Nina chupa ya matone ninayomwekea mama saa moja asubuhi na saa moja jioni, na kila mara ananishika kidole kwanza ajue chupa iko wapi.

Jicho_la_Tatu
Nisamehe, dada. Mama yangu sukari ilimchukua macho yote mawili, na hatukumpeleka popote. Muulize daktari kama matone hayo yanataka kukaa kwenye baridi. Joto la kule si mchezo.

Nesi_Kisauni
Niko kliniki ya macho, Mombasa. Mtu anayeona kama kwa bomba usimsogeze karibu na sanamu, ataona goti tu. Mrudishe nyuma hatua nyingi, kitu kizima kiingie ndani ya duara lake. Tena anapotoka juani kuingia kwenye giza, asimame kwanza. Jicho lake linachelewa kuzoea.

Azhari_wa_Tanga
Basi shika meli, chumba chenu ni kilekile kila siku na atakizoea. Ila jihadhari bandarini. Meli hufungwa ubavu kwa ubavu, unapita ndani ya meli ya watu, sebule hadi sebule, ndipo ufike gati. Kati yao kuna kibao na kizingiti, hapo mshike mkono. Kom Ombo hekalu liko ukingoni kabisa, hamna safari ndefu. Edfu mnakwenda kwa gari la farasi, na lile lango la hekalu la mungu wao Horus lina mita 36 kwenda juu: asimame uani, mbali. Ndani ya Piramidi Kuu usimwingize, unapanda umeinama njia nyembamba. Hekalu la Abu Simbel ni zaidi ya saa tatu kwa gari kutoka Aswan, mnaondoka alfajiri, lakini zile sanamu nne za Farao Ramses zilichongwa za mita 20 hivi kila moja. Hizo ataziona.

Binti_Mwalimu
Mungu akubariki. La mwisho: nichague chumba cha upande gani?

Azhari_wa_Tanga
Mnaelekea kaskazini, kwa hiyo kushoto ni magharibi, jua linazama huko. Lakini mkifunga gati dirisha linaweza kutazama ukuta wa meli jirani. Jioni mpandishe sitahani.

Binti_Mwalimu
Nimemsomea yote haya. Ameuliza kama tunapanda mto au tunashuka. Nikamwambia tunashuka, kwenda kaskazini. Akasema, “Basi tunaelekea juu ya ubao.”