Wakuu, nirudi chuoni kufundisha au niende Ujerumani? (kosmolojia)

Karoo_Usiku: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, matusi wekeni pembeni. Namaliza PhD ya kosmolojia Cape Town. Natafuta mawimbi ya hidrojeni ya kale, z ya 8 (z ni kipimo cha ukale: ikiwa kubwa, mawimbi ni ya kale zaidi na yamevutika zaidi), kwa data za MeerKAT, darubini ya redio ya huku Afrika Kusini. Nimepata nafasi ya utafiti Ujerumani, miaka miwili. Nyumbani kuna chuo kinanihitaji. Usingizi sina.

Bint Pangani: Ndiyo mambo ya nyota haya? Mimi wa Mei, naolewa lini?

Fundi Saa: Bint, huo ni unajimu. Huyu anapima ulimwengu mzima, wewe humo hata nukta hufiki.
Mleta uzi, nenda, ila piga hesabu. Matangazo ya kazi hizi hutoka kuanzia Septemba, maombi mengi hufungwa Oktoba hadi Desemba, na wanaofuata utaratibu wa AAS, chama cha wanaastronomia cha Marekani, hawakulazimishi kujibu kabla ya 15 Februari. Ukianza Oktoba hii, Oktoba ijayo unaomba kazi nyingine: barua tatu za wadhamini, andiko la utafiti, orodha ya machapisho. Miezi 12 haitoshi kutoa kitu kipya kuanzia sifuri. Sura mbili za tasnifu zitume jarida kabla hujapanda ndege.

Ngalawa: "Kinanihitaji" ndiyo nini? Umeomba kazi, au wewe ni mwajiriwa wao?

Karoo_Usiku: Hilo si la msingi, mkuu.

Ngalawa: Ndilo lenyewe. Upo ruhusa ya masomo?

Karoo_Usiku: Sawa. Ni mhadhiri msaidizi, mshahara unaingia kila mwezi, na nilisaini kurudi kutumikia. Lakini nikirudi ni fizikia ya mwaka wa kwanza na kusahihisha mitihani, utafiti unakufa. Halafu Ujerumani nimeshawajibu ndiyo.

Mzee wa Kibiriti: Kumbe huombi ushauri, unaomba baraka.

Ngalawa: Aliyekudhamini kwenye huo mkataba ni nani?

Karoo_Usiku: Shemeji.

Bint Pangani: Shemeji ataona nyota mchana, bila darubini 😂

Kigoda: Kodi za wananchi hizo. Nchi haina walimu wa fizikia, wewe unatafuta hidrojeni. Rudi.

Ngalawa: Kigoda, hata asiporudi sasa kuna njia. Mleta uzi, andika barua ya kuomba likizo bila malipo na kusogeza muda wa kutumikia. Ipitie kwa mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, ndipo utawala. Ambatisha barua ya Wajerumani yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, na nakala ya mkataba uliosaini. Waeleze kazi itakayorudi nyumbani: mwanafunzi mmoja wa uzamili utakayemsimamia kwa mbali ana uzito kuliko kurasa tano za ahadi. Jibu la mdomo si jibu. Usiondoke bila karatasi yenye muhuri, la sivyo deni linabisha hodi kwa shemeji.

Mawimbi21: Ngojeni kidogo. Hii chai, tena ya tangawizi. Hidrojeni hutoa mawimbi ya MHz 1420. Kwa z ya 8 unagawa kwa 9 (z jumlisha 1), unapata kama 158. MeerKAT inaanzia MHz 580, haivuki z ya 1.5. Data umezitoa wapi?

Mzee wa Kibiriti: Nilijua! Shemeji wa watu tumemlilia bure.

Karoo_Usiku: Ni HERA, darubini nyingine ya redio, ipo hukohuko Karoo, masahani ya mita 14. Timu si kubwa, ningeitaja wangenijua.

Mawimbi21: Kwenye data za HERA kuna mwangwi unaochelewa nanosekunde 1,200. Unatoka wapi?

Karoo_Usiku: Kebo ya mita 150. Mawimbi yanagonga mwisho na kurudi, jumla mita 300, na ndani ya kebo yanakwenda polepole kuliko mwanga. Ukiuacha, unakuchorea mawimbi ya hidrojeni yasiyokuwepo.

Mawimbi21: Haya, chai naimwaga. Ila ukichuja huo mwangwi, pandikiza mawimbi bandia ya ukubwa unaoujua kabla ya chujio, upime yaliyosalia. PAPER, darubini iliyotangulia HERA, walifuta ukomo wao wa 2015 (kiwango walichosema mawimbi hayazidi) kwa sababu hiyo: uchambuzi wao ulikuwa unakula na mawimbi wanayoyatafuta. Kelele za angani ni kubwa mara maelfu kwa maelfu, mkono ukizidi unafuta vyote.
Na akaunti ya kompyuta kuu? Barua pepe ya chuo cha Cape Town ikifungwa, nayo hufungwa. Badilisha anwani kwenye arXiv, ile hifadhi ya makala za utafiti mtandaoni, sasa, na uwaombe wakuachie akaunti kwa maandishi. Ukiwa nayo, hata ukirudi nyumbani uchambuzi unaendelea, maana data nzito zinabaki hukohuko, wewe unatuma amri tu.

Kigoda: Kwa hiyo hata Ujerumani si lazima.

Karoo_Usiku: Mkuu, nimeshawajibu.

Fundi Saa: Kujibu kwa barua pepe si kusaini. Umesaini?

Karoo_Usiku: …Jumatatu.

Ngalawa: Ijayo au iliyopita?

Karoo_Usiku: Ngalawa, ile "kupitia kwa mkuu wa idara" inakaa wapi?

Ngalawa: Chini ya anwani ya mpokeaji, juu ya kichwa cha barua. Hujajibu swali.