Redio ya marehemu babu na kitabu cha "Mtu ni Afya": nivihifadhi vipi?

Mwenyeji wa Newala:
Ndugu zangu, nawasalimu. Marehemu babu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio kijijini kwetu, ameniachia redio ya National ya betri kubwa, isiyo na FM, pamoja na kitabu cha kampeni ya "Mtu ni Afya" ambacho nyuma yake aliandika kwa penseli majina ya kaya zilizokwisha kuchimba vyoo. Betri zimevujia ndani na springi zimeshika kutu. Je, niifufue redio au niiache ilivyo? Na kitabu nikipeleke stesheneri kikafunikwe plastiki?

Fundi wa Masasi:
Pole kwa msiba, ndugu yangu. Usiiwashe kwanza. Betri za zama zile zilikuwa za zinki na kaboni, na majimaji yake yana tindikali, kwa hiyo chukua magadi ya unga yaliyolowanishwa kidogo, usugulie kwa mswaki mkuukuu, kisha ufute kwa spiriti na kuianika kivulini. Limau, ambalo wengi hulikimbilia, hufaa kwa betri za alkali tu. Ikikataa kuimba baada ya hapo, mpelekee fundi, ila usikubali atoe spika ya asili akuwekee mpya.

Mwalimu mstaafu, Lindi:
Mimi ningeanza na kitabu. Kampeni ile ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2, na utaratibu wake ulikuwa kwamba kikundi kinakusanyika kusikiliza kipindi, kiongozi anasoma sura inayohusika, iwe ya malaria au kichocho, watu wanajadiliana, halafu wanakwenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Vitabu vilichapishwa vingi. Orodha ya babu yako ni moja tu. Plastiki ya stesheneri hubandikwa kwa moto na haibanduki tena bila kuchana karatasi, basi usithubutu. Toa pini zenye kutu, piga picha kila ukurasa, kisha kitie ndani ya bahasha ya karatasi, juu, mbali na ukuta, maana mchwa wa kwetu mnawajua.

Mkazi wa Mikindani:
Nyongeza ndogo: hata ikipona, usiiache na betri ndani. Na kama utaihamishia huku pwani, ifunike kitambaa, kwa sababu hewa ya chumvi hula springi hata zile mpya.

Mwenyeji wa Newala:
Nashukuru sana, Mwalimu na wenzangu. Wajomba walitaka vyote viuzwe kwa pamoja. Nitawasomea kwanza yale majina, kwani baadhi ya kaya hizo ni za kwao.