Mjadala: Filamu zetu zitakua kwa kufunga vibanda vya video au kwa kuvisajili?

Swali lililo mezani ni la zamani, ila limepata uzito mpya tangu soko la diski lilipokufa: tasnia ya filamu ya Tanzania itakuaje? Wapo wanaoshikilia kwamba filamu za nje, hasa zile ambazo mtafsiri huzisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, ndizo zinazowanyima wasanii wetu riziki, na kwamba vibanda vinavyozionyesha vifungwe. Msimamo huo una historia, kwani Aprili 2017 baadhi ya wasanii waliandamana Kariakoo wakidai filamu za nje zisizolipiwa kodi ziondolewe sokoni. Mimi naandika kutoka Mwanza, na naona kinyume chake. Kwa mwananchi wa kipato cha chini wa Kanda ya Ziwa, kibanda ndicho jumba la sinema alilonalo, na atakayekifunga atakuwa ameifungia filamu ya Kitanzania mahali pa kukusanyia kiingilio.

Tukumbuke kwanza diski ilivyokufa. Mtayarishaji aliuza kazi yake kwa msambazaji wa Dar es Salaam, mara nyingi kwa malipo ya mkupuo mmoja, na baada ya hapo mauzo hayakumhusu tena. Ndiyo maana hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, hata pale isipokuwa na mambo ya kutosha kujaza sehemu moja. Stempu za kodi zilizoanza mwaka 2013 zilikusudiwa kuwabana wauza nakala bandia, lakini hazikumfikia kijana mwenye kompyuta kando ya stendi, anayekujazia flashi sinema kumi bila kugusa diski yoyote. Hata mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012 akiwa kileleni, jina lake lilijengwa Dar es Salaam, kwa kuwa kamera, fedha na wasambazaji vyote vilikuwa huko.

Sasa tuingie kibandani. Jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kibanda ni mabati, mabenchi ya mbao, televisheni iliyowekwa juu ili isiguswe, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki mechi za jioni na sinema za mchana. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali husimamisha kazi kwa siku kadhaa, hivyo siku hizo benchi hujaa tangu mchana. Sijasikia msambazaji aliyepanga kutoa filamu kwa kufuata mwezi, ingawa mwenye kibanda yeyote wa Ukerewe angemweleza faida yake bila kudai ada ya ushauri.

Ukikaa humo utagundua pia kwamba watazamaji hawavutiwi na ugeni wa picha peke yake. Wanavutwa na msimulizi, anayempa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani, anayemtania, na anayeruka palipodorora. Huyo ni Mtanzania, anafanya kazi ya sanaa, na ndiye mshindani halisi wa filamu zetu. Kisha weka filamu yetu ambamo gari linaingia getini kwa dakika mbili na muziki wa huzuni, usikie watu wanavyoguna. Miguno hiyo ni uhakiki ambao mwongozaji aliyekaa Sinza, Dar es Salaam, haupati, na kufunga kibanda hakutamfanya aharakishe lile gari.

Wenzetu wanaotaja Nigeria kama mfano wasisahau kwamba tasnia ile, ambayo kuchanua kwake huhesabiwa tangu mwaka 1992, ilikuzwa na kanda za bei nafuu zilizouzwa katika masoko kama Idumota na Onitsha, pamoja na vibanda vya mitaani. Kwetu, televisheni imesaidia: Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv zimewapa kazi watu wengi. Lakini mtayarishaji mwenye wanunuzi wawili au watatu hana nguvu ya kupatana bei, na ladha ya mnunuzi ndiyo inayoamua hadithi. Filamu ya mwongozaji wa Austria, Hubert Sauper, iitwayo Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004 kuhusu sangara na Mwanza, ilifika hadi kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Tuliijibu kwa hotuba, wakati jibu lililofaa lilikuwa filamu.

Pendekezo langu halihitaji sheria mpya. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 tayari inataka mahali pa maonyesho pawe na kibali na filamu ikaguliwe. Kibali cha kibanda kiwe nafuu, kwa sharti la kuonyesha filamu za Kitanzania siku kadhaa kila wiki, na mwenye kibanda akodishe filamu kwa ada maalumu ya wiki, inayolipwa kwa simu moja kwa moja kwa mtayarishaji. Nasema ada maalumu kwa makusudi, kwa sababu mgawo wa asilimia ungetulazimisha kuhesabu vichwa, na kila anayevifahamu vibanda anajua hesabu hiyo ingeishia wapi.

Hoja ya watoto kukimbilia vibandani saa za masomo ni nzito, na kibali kinachoweza kufutwa kingempa ofisa wa kata meno ambayo kibanda cha kujificha hakimpi. Wanaotaka vifungwe watuambie filamu iliyopigwa Mwanza itauzwa wapi baada ya hapo. Na wenye vibanda mnaotusoma, tajeni ada ya wiki mnayoweza kuibeba, kwani bila takwimu hiyo pendekezo hili haliwezi kufikishwa kwa Bodi ya Filamu.