Naomba ushauri: kutapika baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Wakuu, naomba ushauri wa madaktari, wauguzi na waliofanyiwa upasuaji huu, hasa ule wa kuondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa chakula.

Uvujaji kwenye mshono wa mfuko wa chakula dalili zake zinafahamika: homa, mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika, maumivu ya tumbo yanayopanda hadi bega la kushoto. Hapo hakuna mjadala, ni hospitali usiku huohuo, hata kama vidonda vya nje vimekauka vizuri.

Kinachonitatiza ni kutapika. Kula harakaharaka au kunywa maji katikati ya mlo kunatapisha, na dawa yake ni kutafuna sana na kusubiri nusu saa ndipo unywe. Ila mtu akitapika kila siku, hata maji hayakai, huenda mfuko umebana au umejikunja. Hapo vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache tu: macho yanachezacheza, mtu anayumba, anachanganyikiwa. Akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. (Wengi hulisahau hili.)

Sasa, B1 ya sindano mnaianza baada ya siku ngapi za kutapika? Kipimo kipi kitangulie, eksirei ya kumeza dawa au kamera ya kupitishwa mdomoni hadi tumboni? Na kwa aliyefanyiwa upasuaji wa aina nyingine, wa kuunganisha utumbo na mfuko wa chakula uliopunguzwa, parasetamoli isipotosha kutuliza maumivu mnampa nini, maana diklofenaki na ibuprofeni huleta vidonda pale kwenye maungio?