Maziwa ya moto hunijaza gesi, lakini mtindi haunisumbui: kwa nini?

Mama Neema
Habari zenu, ndugu zangu. Kila ninapokunywa glasi ya maziwa yaliyochemshwa, baada ya saa moja au mbili tumbo hujaa gesi na kunguruma, na mara nyingine naharisha, ilhali mtindi wa ng'ombe yule yule haunidhuru. Naomba kuelezwa kinachotokea tumboni.

Mwalimu wa Baiolojia
Mama Neema, kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo katika glasi ya mililita 250 hufikia takriban gramu 12. Sukari hiyo ni glukosi na galaktosi zilizoshikamana, na haiwezi kufyonzwa mpaka ikatwe na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichopo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Watoto wachanga wanacho kwa wingi, lakini kwa watu wazima walio wengi duniani hupungua sana. Laktosi isiyokatwa huvuta maji ndani ya utumbo, na hapo ndipo kuharisha kunapoanzia. Ikifika utumbo mpana, bakteria huichachusha na kutoa gesi, ikiwemo haidrojeni. Katika mtindi, bakteria wamekwisha kugeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, ambayo ndiyo uchachu unaouonja, na wale walio hai huendelea kukusaidia kuikata hata baada ya kumeza. Kwa hiyo usiuchemshe.

Mjukuu wa Mfugaji
Shikamoo Mwalimu. Mbona wazee wetu wa Kimasai hunywa maziwa mabichi maisha yao yote bila shida?

Mwalimu wa Baiolojia
Marahaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Sarah Tishkoff, ulionyesha kuwa wengi katika jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko la jeni linaloacha laktasi ifanye kazi hadi utu uzima, na badiliko hilo ni tofauti na lile la Wazungu. Hata hivyo, maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, jambo ambalo laktasi haihusiki nalo kabisa.

Muuguzi
Dada, hali hii si mzio, kwa kuwa mzio wa maziwa hutokana na protini na unaweza kuvimbisha midomo au kubana pumzi. Jaribu nusu glasi pamoja na chakula. Ukitaka uhakika, zipo hospitali zinazopima haidrojeni katika pumzi, kwani gesi hiyo huingia kwenye damu kutoka utumboni na kutokea mapafuni.