Naomba ushauri: niko katikati ya mfadhili na bahari

Asalamu aleikum, ndugu zangu. Ni mwezi wa nne sasa naratibu mradi wa kaunti wa kupanda mikoko hapa Lamu. Nilidhani kazi ni miche, kumbe ni kubembeleza watu. Msitu wenyewe uko chini ya KFS, shirika la serikali la misitu, wavuvi wana kamati yao ya ufuo, nami katikati na daftari.

Mfadhili ataka hesabu ya miche mwisho wa mwezi. Juzi mzee mmoja wa Matondoni kanishika mkono, kanionyesha miche yetu imelala, mizizi nje. "Mwanangu, mkoko wataka tope. Hapa ni mchanga na wimbi lapiga." Mahali nilipachagua mimi.

Niandike ripoti vipi bila kudanganya, na pesa zisikatwe? Walioratibu miradi kama hii, nisaidieni.